Mpaka wa Maji

"Wima, Kashaija! Ubao wima! Umeulaza kama mlevi anayetafuta ukuta!"

Kashaija aliunyoosha ubao wa vipimo, akakaza visigino kwenye majani makavu ya migomba, akashusha pumzi polepole. Ubao ulikuwa mrefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani mwa mwenzake, umepakwa mistari myekundu na myeusi, na kazi yake ilikuwa kuushika usitikisike. Upande wa pili wa shamba, mhandisi Mahendra alikuwa ameinama nyuma ya darubini yenye miguu mitatu, jicho moja amelifumba, mkono mmoja hewani.

"Panda kidogo! Tena! Rudi... Hapo! Usiondoke hapo!"

Kashaija akachomeka kijiti pale pale ubao ulipokanyaga.

"Mnampimia nani kaburi?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka jikoni.

Mwaka ule swali hilo halikuwa mzaha. Mtu akionekana na fito mkononi akipima ardhi karibu na nyumba, njia nzima ya kwenda Nshamba ilijua anapima urefu wa nani. Mafundi wa vitanda walikuwa wameacha vitanda, wanachonga majeneza. Kokuhirwa alitoka akifuta mikono kwenye kanga, mabinti zake wawili nyuma yake, akasimama kati ya nyumba na lundo la udongo mbichi lililofunikwa nyasi. Chini ya nyasi hizo alilala Ildefons, mume wake, aliyekwenda Uganda na magunia ya kahawa ya magendo, akarudi na mashati, redio na kikohozi.

"Si kaburi, Ma Kokuhirwa," Kashaija alijibu. "Tunapimia maji."

"Maji gani yapimwe huku mlimani?"

"Ya Bwawa la Kanti. Siku likipasuka yatapanda mpaka hapa kwenye kijiti. Chini yote hiyo ni ya maji. Hapo uliposimama ni pakavu."

Kokuhirwa alikitazama kijiti, kisha akalitazama kaburi.

"Basi Ildefons ana bahati," alisema. "Yeye hatalowa."

Bwawa lilikaa kwenye koo la bonde la Kyamashenyi kama mtungi uliosahauliwa ukingoni mwa kichanja. Kanti, babu yake Mahendra, mwenye duka Bukoba, ndiye aliyelijenga kwa udongo na jasho la watu, ili maji yazungushe kinu chake cha kukoboa kahawa. Kinu kilikufa. Mabati yake yakaenda kuezeka nyumba za wengine. Bwawa likabaki. Mwaka wa vita askari walichimba handaki juu ya tuta, wakasimika mzinga wa kutungulia ndege, na vita vilipoisha wakaondoka na mzinga wao. Wanakijiji waliambiwa wafukie. Wakafukia kwa kilichokuwa karibu: magogo ya migomba, nyasi, na udongo kidogo juu ili macho yaridhike. Miaka kumi sasa vitu hivyo vilikuwa vinaoza ndani ya tuta, na lango la chuma la kupunguzia maji lilikuwa limeota kutu na kukataa kugeuka.

"Babu yangu aliliweka hapa," Mahendra alipenda kusema, "mimi nimetumwa kuuliza litaanguka vipi."

Hakuwa mtu wa kujikweza. Alikula magimbi na Kashaija kwenye jani moja la mgomba, akitania kwa Kihaya cha dukani, chenye maneno mengi ya kuuza na machache ya kuishi. Jioni alikunjua ramani juu ya goti, akapaka rangi ya bluu kuanzia kwenye tuta, akashuka nayo, akaipanua ilipopanuka ardhi. Chini ya bluu ile kulikuwa na nyumba, viazi, kisima, na njia ya watoto wa shule. Mwanzo kabisa wa bluu, ubavuni mwa tuta, palikuwa na gofu la kinu. Humo alijisitiri Siti, mwanamke wa Bukoba aliyefukuzwa na ndugu wa mume, akikaanga maandazi na kuwacheka wapita njia.

"Mhindi na Mhaya mnatembea na ubao siku nzima," aliwaambia. "Ungekuwa wa kitanda, mngekuwa mmeshalala."

Vijiti vya kwanza havikudumu. Vingine viliishia jikoni. Vingine viling'olewa kwa hofu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamepita kwamba serikali inaziwekea alama nyumba zenye Juliana. Hilo ndilo jina watu walilolipa gonjwa, kutokana na mashati ya magendo ya jina hilo yaliyokuja nalo. Kijiti chenye ncha nyekundu mbele ya nyumba! Nani angekiacha kilale hapo hadi asubuhi?

"Nimwage zege?" Mahendra aliuliza, amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi. "Saruji yenyewe haipo Muleba nzima."

Hapo ndipo Kashaija alipotoa wazo lake. Lilimjia kamili, kama ubeti, na alilipenda tangu lilipomtoka mdomoni.

"Tupande omulamula, mhandisi. Hakuna mtu wa hapa atakayeugusa."

Omulamula ni mti wa majani marefu ya kijani. Unakata kipande, unachomeka ardhini, unaondoka, wenyewe unaota. Huo ndio mpaka wa Wahaya. Ukoo na ukoo wakigombana, ndugu na ndugu wakikamatana mashati, mti huo hupandwa mbele ya mashahidi, na maneno yamekwisha. Anayeung'oa hasemeshwi. Halambi lubisi, pombe ya ndizi, na watu. Na siku akifa hakuna mkono utakaoshika jembe kumchimbia.

Mahendra alipiga makofi. Alikuwa mzaliwa wa Bukoba, lakini mtoto wa duka. Ukoo wake haukuwahi kuwa na kibanja, shamba la migomba la urithi, hata kimoja, na mti ule kwake ulikuwa mti.

Wakaupanda kufuata ukingo wote wa rangi ya bluu. Kashaija aliupanda kwa mikono yake, akishindilia udongo kwa kisigino, akiimba. Ubavuni, chini ya shati, alikuwa na makovu ya mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyomzunguka kama mshipi wa moto na kumwacha. Kila mtu alijua mkanda ule humtangulia nani. Mkewe alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Hakuwa na mtoto, na kibanja chake kilikuwa kinarudi porini. Kwa hiyo kila alipochomeka kipande cha omulamula na kukiona kimesimama, alihisi kitu kifuani ambacho hakuwa amekihisi siku nyingi. Angalau aliacha kitu kinachoota.

Kabla ya kuondoka Mahendra alimpeleka chini ya tuta, mahali ambapo maji yalitiririka kati ya mawe, membamba kama uzi.

"Tazama. Haya ni meupe. Bwawa linatoka jasho tu. Siku ukiyaona yana rangi ya chai ya maziwa, ujue yanabeba udongo wa tumboni. Siku hiyo usinitafute mimi, usimtafute mwenyekiti. Pandisha watu juu ya mstari wako."

"Nitakuwa na muda gani?"

"Wa kuivisha uji. Pengine wa maharage. Sijui, Kashaija, wallahi sijui. Naenda Mwanza kutafuta pampu na chuma cha lango. Nitarudi kabla ya mvua."

Alipakia darubini yake kwenye gari, akapunga mkono. Vumbi lilimfuata hadi kwenye kona ya barabara ya Muleba, kisha likatulia.

*

Kagaruki, mdogo wake marehemu Ildefons, alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka sokoni, alicheka kanisani, na msibani alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Siku alipokwenda kumjulia hali shemeji yake na kuiona emilamula, ile miti ya mpaka, imekatiza kibanja cha kaka yake, chini kidogo ya nyumba, hakucheka. Aligusa jani kwa ncha ya kidole. Kisha akageuka akaenda kuuita ukoo.

Walikaa nyumbani kwake, juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Lwakatare, mkuu wa ukoo, alikuwa na kibuyu cha lubisi kati ya magoti na mrija pembeni mwa mdomo. Kokuhirwa aliketi karibu na mlango, mahali pa mtu anayeweza kuambiwa atoke. Kashaija aliitwa kama shahidi.

"Mti ule ulipandwa na nani?" Lwakatare aliuliza.

"Na mimi, Ta Lwakatare."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya serikali, mzee wangu, waitu. Lakini..."

"Ni mti gani?"

"Omulamula."

"Ah. Nilidhani labda ni mchicha."

Wazee wakacheka.

"Ni omulamula, waitu, ila si mpaka wa watu. Ni mpaka wa maji. Bwawa likipasuka..."

"Maji!" Kagaruki aliinua mikono juu. "Wazee wangu, maji ni wa ukoo gani? Nani kati yenu amewahi kuoa kwao? Mimi sikumwomba mtu agawe kibanja cha kaka yangu. Serikali yenyewe imekuja na Mhindi wake na darubini yake, imekigawa. Juu kwenye nyumba na kahawa ni kwa ukoo. Chini ni kwa huyu mama na mabinti zake. Nimfanyie nini zaidi? Wenzangu wajane wao wamewarudisha kwao na sufuria moja."

"Chini hapakaliwi!" Kashaija alisema, na sauti ilimpanda kuliko alivyotaka. "Chini ndiko tulikopaka bluu!"

"Chini kuna magimbi, kuna viazi, kuna kisima mlangoni. Ningehamia mwenyewe, ila kiuno changu hakipendi baridi."

Vicheko tena. Lwakatare aliuzungusha mrija ndani ya kibuyu.

"Kashaija, wewe si mtoto. Ulipokuwa unaushindilia ule mti ulikuwa unajua kazi yake?"

"Nilijua, waitu."

"Ulitaka watu wauheshimu?"

"Nilitaka."

"Basi tumeuheshimu."

Kokuhirwa aliomba kusema, akaruhusiwa.

"Nyumba nitaiacha, Ta Lwakatare. Kahawa nitaiacha. Na kaburi je? Nani atalipalilia?"

"Kaburi ni la ukoo, mwanangu."

"Na mimi ni wa nani?"

Mrija ulifyonza hewa kwenye kibuyu kilichokwisha. Mtu alikohoa, mwingine akatazama sakafu akitafuta unyasi wa kuchezea. Mabinti wawili, hakuna mtoto wa kiume: kila aliyekuwa mle ndani alilijua jibu, na hakuna aliyetaka mdomo wake ndio ulitoe.

Kashaija angeweza kutoka pale pale, ateremke, aing'oe miti ile mmoja baada ya mwingine. Alilifikiria. Alijiambia kwamba akiing'oa, watu wa bonde hawatajua tena maji yataishia wapi, na siku ya kukimbia watakimbia kama kuku. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Aliirudia moyoni kwa sauti kubwa ili asiisikie ile nyingine, ya jembe na mikono isiyolishika. Mtu mwenye mkanda ubavuni hawezi kuudharau msiba wake mwenyewe.

Akarudi nyumbani. Emilamula ikabaki.

*

Kagaruki aliziba nafasi kati ya mti na mti kwa fito, akafuma miiba ndani yake, kutoka upande mmoja wa kibanja hadi upande wa pili. Chini ya uzio huo, Kokuhirwa alijenga kibanda cha matete. Kashaija alikwenda kumsaidia kuezeka. Alirusha mafungu ya nyasi juu, Kokuhirwa akayapanga, na kando Jovitha, binti mkubwa, alikata kamba za migomba kwa panga.

"Mti wako umeshika vizuri, Kashaija," Kokuhirwa alisema, bila kumtazama. "Mwingine umeshatoa majani mapya. Una mkono wa kupanda."

Afadhali angemtukana.

"Nenda kwenu, Ma Kokuhirwa. Muleba si mbali. Mpaka mvua zipite tu."

"Kwetu nani? Kaka zangu wote wamekwisha. Amebaki shangazi, naye anauguza." Alishuka, akajipangusa nyasi. Alikuwa amekonda shingo. "Na nikiondoka hapa, hata haya magimbi yatakuwa na mwenyewe. Nitarudi wapi?"

Kashaija alikwenda Muleba ofisini. Aliambiwa mhandisi bado yuko Mwanza, pampu haijapatikana, gari halina mafuta, arudi mvua zikiisha. Alirudi kwa miguu, na njiani mvua ikamkuta.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri alipanda hadi chini ya tuta, akachuchumaa, akakinga uzi ule wa maji kwa kiganja. Meupe. Siku nyingine tena, meupe. Juu ya tuta, palipokuwa handaki la mzinga, ardhi ilikuwa imebonyea kama shavu la mgonjwa.

"Unakuja kumposa nani huku kila asubuhi?" Siti alimuuliza, akipuliza moto. "Maana mimi ndiye jirani pekee, na hujawahi kununua andazi hata moja."

"Hamia juu, Siti."

"Juu kwa nani? Nitafutie mume mwenye nyumba juu, nahama leo."

Ikafika Novemba, na senene, panzi wale wa kuliwa, wakashuka. Waliteremka na mvua ya usiku, mamilioni, na kulipokucha bonde zima la Kyamashenyi lilikuwa la kijani linalotikisika. Watu walishuka na mifuko, na vikapu, na mashuka yaliyofungwa shingoni. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi watu walikusanyika mahali pasipokuwa na maiti. Walipigana vikumbo, walicheka, waliitana majina ya utani.

Kashaija aliwasikia akiwa amechuchumaa. Alikinga kiganja.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Aliyamwaga, akakinga tena. Mchanga laini ulibaki kwenye mistari ya kiganja chake. Na uzi haukuwa uzi tena. Ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto, na ulikuwa na sauti.

Alifungua mdomo kupiga endulu, ukelele ule ambao Mhaya akiusikia huacha hata kula, akabeba panga na kukimbia. Akaufunga. Endulu huvuta watu kuelekea inapopigwa. Angeipiga pale, bonde zima, na mifuko yake na watoto wake, lingekuja mbio hadi chini ya tuta kumwokoa.

Akakimbia. Mlangoni pa gofu la kinu alipiga ubao kwa ngumi.

"Siti! Toka! Panda juu, sasa hivi, linapasuka!"

"Subhanallah, Kashaija, umekunywa asubuhi hii?"

"Toka, Siti!"

Kashaija alimwona uso. Aliona uso ule ukiamini.

"Naepua uji, nakuja," Siti alisema.

Kashaija hakungoja. Alikwea ubavu wa kilima kwa mikono na magoti, kifua kikipiga miluzi, matawi ya mibuni yakimchapa usoni. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika kwenye nyumba ya Ildefons, juu ya mstari. Akapanda juu ya kaburi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipoinuka, akaweka mikono kinywani, akapiga endulu.

Ilitoka nyembamba. Akaipiga tena, na safari hii ilitoka na kila kitu kilichokuwa kimebaki kwenye mapafu yake.

Chini, bonde lilinyamaza. Vichwa viliinuka. Kisha watu wakaanza kuja, wa kwanza wenye nguvu, wakiruka matuta ya viazi, mifuko ya senene ikiwapiga migongoni. Walipita kushoto na kulia kwa njia za vibanja vingine, wakatokea mbele ya nyumba wakihema.

"Mwizi yuko wapi?"

"Nani ameuawa?"

Kagaruki alitoka ndani ya nyumba ya kaka yake amevaa shati la kaka yake.

"We kichaa! Unakanyaga kaburi la Ildefons! Shuka!"

"Bwawa," Kashaija alisema. Pumzi haikutosha kwa neno la pili. "Bwawa."

Ndipo waliposikia. Haukuwa mlio mkubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ulikuwa kama gunia zito linaloburutwa sakafuni, mbali, katika chumba kingine. Kule kwenye koo la bonde tuta lilikaa chini, polepole, pale pale palipokuwa na mzinga, na kitu cha rangi ya kahawia kikasimama nyuma yake.

"Mama Jovitha!" mtu alipiga kelele.

Kokuhirwa alikuwa anapanda. Alikuwa na mtoto mdogo mgongoni na Jovitha mkononi, akija moja kwa moja kutoka kwenye kibanda, kwa kuwa njia ya kuzunguka ilipita chini, karibu na kijito, na chini hakukuwa tena na njia. Alifika kwenye uzio. Aliweka mkono kwenye miiba, akautoa. Akamwinua Jovitha, lakini uzio ulikuwa umefumwa hadi kifuani, na mtu aliyeufuma alikuwa ameufuma vizuri.

Alimtazama Kagaruki. Kagaruki alikuwa upande wa pili, karibu kiasi cha kushikana mikono. Mdomo wake ulikuwa wazi. Hakuwa anacheka, wala hakusogea, na pengine hata yeye hakujua kama alikuwa amekataa au ameganda. Nyuma yake wazee wa ukoo, Lwakatare miongoni mwao, walisimama na mifuko yao ya senene inayotikisika.

Kashaija alishuka kaburini.

Aliushika omulamula kwa mikono miwili, chini kabisa, pale alipowahi kuushindilia kwa kisigino. Akavuta. Haukusogea. Ulikuwa umeota, miezi mitano kwenye ardhi nzuri. Aliinama zaidi, akakaza magoti, akahisi ngozi ya ubavuni ikivutika kwenye makovu, akavuta tena, na ardhi ikakoroma.

"Kashaija," ilikuwa sauti ya Lwakatare, ya chini, karibu ya upole. "Unajua unachofanya?"

"Najua, waitu."

Alivuta mara ya tatu. Mti ulitoka mzima, na mizizi yake, na udongo wake, na fito zilizofungwa kwake zikalala upande, na miiba ikaachia. Kokuhirwa alimsukuma Jovitha kwenye upenyo. Akapita yeye, akachanika mkono, mtoto mgongoni akilia. Walianguka juu ya nyasi za kaburi, wote watatu, na hakuna aliyewaambia washuke.

Maji yalipita chini yao na kila kitu: matete, mbuzi, mlango uliokuwa na komeo lake, migomba iliyosimama wima kana kwamba inatembea. Karai jeusi la kukaangia maandazi lilipita likizunguka, likizunguka, likaenda. Watu waliangalia kona ya gofu la kinu, na pale palipokuwa na kona palikuwa na maji. Mwanamke mmoja alianza kuita majina ya watu wa bonde, mmoja mmoja. Wengine waliitika kutoka kwenye umati. Wengine hawakuitika, na baada ya kila jina alingoja, kisha akaita linalofuata.

Hakuliita la Siti. Kashaija aliliita yeye, kimoyomoyo, na akangoja.

Alikuwa bado amesimama, omulamula mikononi, udongo ukimdondoka miguuni. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsogelea. Kagaruki alitazama mti ule, kisha akatazama pembeni. Lwakatare alijitupia shuka lake begani, akawapa wote mgongo, akaanza kupanda kuelekea kwake, na mmoja mmoja wazee wakamfuata.

Kokuhirwa aliinuka. Damu ilikuwa inamchuruzika mkononi hadi kwenye vidole. Alikuja akasimama kando ya Kashaija, ndani ya ile nafasi iliyoachwa wazi, akatazama chini alipokuwa anatazama yeye.

Maji yalikuwa yamepanda ubavu wa kilima, yakapunguza mwendo, yakafika kwenye mstari kama mhandisi alivyopaka. Yalilamba mashina ya emilamula, kushoto na kulia, hayakupita. Katikati, palipong'olewa mti, palibaki shimo dogo la duara. Maji yaliingia humo taratibu, yakazunguka, yakajaa hadi ukingoni, yakatulia. Senene mmoja alielea juu yake, akipiga miguu.